Mbwa Wangu Ananivuta Hadi Naanguka: Nifanye Nini?

SWALI: Nina mbwa dume wa miaka miwili, uzito wake kilo 38. Nyumbani ni mpole, ukimwambia kaa anakaa, ukimwambia lala analala. Lakini tukishatoka getini hanisikii tena, ananivuta mwanzo mpaka mwisho wa safari. Juzi aliona paka, nikaanguka na goti likachubuka. Mume wangu anataka tumnunulie kola ya miiba ya chuma, na jirani anasema lazima nimwoneshe nani bosi. Mimi sina nguvu za kushindana naye. Bado anafundishika kweli?

JIBU: Pole sana dada kwa goti hilo. Ndiyo, anafundishika, na hutahitaji nguvu zaidi ya hizo ulizo nazo. Mbwa wa kilo 38 ana miguu minne, kiwiliwili chake kiko karibu na ardhi, na kifua chake kimeumbwa kusukuma mbele. Ukifanya matembezi yawe mashindano ya misuli, utashindwa leo na kesho. Kwa hiyo tuyaache mashindano hayo kabisa.

Mbwa wako anavuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha anakotaka. Hakuna siri nyingine kubwa kuliko hiyo. Anaona mti, anavuta, wewe unafuata, anaunusa mti. Anaona mbwa mwenzake, anavuta, unafuata tena. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alieleza majaribio yake ya kuwafungia paka wenye njaa ndani ya visanduku: tendo lililofungua mlango lilizidi kurudiwa, na matendo yasiyofaa kitu yakafifia. Kwa miaka miwili wewe ndiye umekuwa mlango unaofunguka. Kila hatua uliyopiga huku kamba imekaza ilikuwa malipo, na mbwa hana namna ya kujua kwamba ulikuwa unalipa bila kupenda.

Kuna mambo mawili yanayoongeza ugumu. La kwanza, mwendo wa kawaida wa mbwa mkubwa ni wa haraka kuliko wetu; kutembea pole pole ubavuni mwa mtu ni kazi ya kujifunza, hazaliwi nayo. La pili, mbwa akihisi anavutwa upande mmoja, mwili wake hujiegemeza upande wa pili ili asipoteze mizani. Ndiyo maana ukiikaza kamba kumrudisha, naye huzidi kujitupa mbele. Mikono yako imekuwa ikimsaidia kuvuta.

Kuhusu habari ya bosi, mwambie jirani kwa upole kwamba msingi wake umeshapitwa. Fikra hiyo ilitokana na uchunguzi wa mbwa mwitu (wale waitwao wolf kwa Kiingereza) waliofungwa pamoja, wakubwa wasio na udugu, ukiwemo ule alioandika mtafiti Rudolf Schenkel mwaka 1947. Mtafiti L. David Mech, aliyewahi mwenyewe kuitumia lugha hiyo ya bosi wa kundi, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida porini ni baba, mama na watoto wao, na wazazi ndio wanaoongoza. Mbwa wako anapokuwa mbele yako hatafuti cheo. Anataka kumfikia paka.

Sasa kola ya miiba. Namwelewa shemeji, ameona mke wake ameanguka na anataka jambo liishe leo. Kola hiyo inaweza kweli kupunguza kuvuta kwa muda, kwa sababu inauma. Shida ni kile mbwa anachojifunza pamoja na maumivu. Akiona mtoto anapita na wakati huohuo shingo ikamchoma, baada ya mara kadhaa anaweza kuhitimisha kwamba watoto ndio wanaoleta maumivu, na sasa una mbwa anayebweka na kurukia watu ambaye zamani alikuwa anavuta tu. Watafiti wa Ureno waliwafuatilia mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020: waliofundishwa kwa njia za kuumiza na kutisha walionesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na kortisoli, homoni ya msongo, ilipanda zaidi kwenye mate yao baada ya somo. Mwaka uliofuata, chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko kwamba mbwa wote, hata wenye ukali, wafundishwe kwa njia ya zawadi. Nakuomba usiinunue.

Hata kola ya kawaida usiifunge kamba kwa mbwa ambaye bado anavuta. Shingoni mna koo la hewa, tezi, mishipa ya damu na ya fahamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulipima shinikizo ndani ya macho ya mbwa waliokuwa wakivuta: walipovuta kwa kola lilipanda, walipovuta kwa mkanda wa kifuani, ule unaozunguka kifua badala ya shingo, halikupanda kwa kiasi cha maana. Kola ibaki kwa ajili ya kibati cha jina. Kamba iende kwenye mkanda wa kifuani.

Mkanda huo uchague wenye pete mbili, moja mgongoni na moja mbele kifuani. Pete ya mgongoni peke yake humpa mbwa raha ya kuvuta kwa mwili mzima. Mbwa wa kuvuta sleji, yaani magari ya kuteleza juu ya theluji, hufungwa kwa mtindo unaofanana na huo kwa makusudi. Ya kifuani inafanya kazi tofauti: akijitupa mbele, kamba inamgeuza ubavu kukuelekea wewe, na nguvu zake nyingi zinapotea. Mkanda usimkwaruze kwapani, usimzuie bega kusogea, na vidole viwili vipite chini yake kila mahali. Ipo pia hatamu ya kichwani inayopita juu ya pua, na kwa mtu aliye mwepesi kuliko mbwa wake ni msaada mkubwa, ila mbwa wengi huichukia mpaka wafundishwe kuivaa taratibu kwa siku kadhaa, na haifai kabisa kuivuta kwa ghafla kwa sababu ya shingo. Anza na mkanda wa kifuani.

Kamba iwe ya kawaida, isiyovutika, ya mita mbili hivi. Ile ya kujikunja ndani ya kishikio iweke kabatini. Imekaza muda wote, hivyo inamfundisha kwamba kuvuta ndiko kunakoongeza uhuru, na uzi wake mwembamba umewakata watu vidole. Na tafadhali usiizungushe kamba mkononi wala kifundoni, maana ndivyo mifupa inavyovunjika mbwa akichomoka ghafla. Tia kidole gumba ndani ya kitanzi, funga ngumi juu yake, kisha iegemeze ngumi kiunoni au tumboni. Mkono wa pili ushike kamba katikati. Akivuta, kunja magoti kidogo na tanguliza mguu mmoja. Mwili wako mzima ndio uupokee uzito, bega lisiupokee peke yake.

Vifaa hivyo vinakulinda usianguke. Havifundishi. Mafunzo yanaanzia ndani ya nyumba, na najua wengi huona ni kupoteza muda kwa sababu ndani mbwa hana tatizo. Lakini ndiyo sababu hasa tunaanzia hapo: anaweza kufikiri.

Chagua neno moja fupi litakalomaanisha “hapo umepatia, chakula kinakuja”. “Safi” linatosha. Andaa vipande vya chakula anachokipenda kweli, vidogo kama punje ya njegere, laini, vya kumezwa haraka. Kwa siku mbili tatu fanya vipindi vya dakika tatu hadi tano bila kamba. Simama. Akija ubavuni mwako, sema “safi” na mpe kipande palepale, mkono ukigusa mshono wa suruali yako. Piga hatua moja. Akija nawe, “safi”, mpe. Kisha hatua mbili, kisha tano, geuka, rudi. Mahali unapotolea chakula pana maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukimpa mbele yako, atajifunza kukaa mbele yako na kukuzuia njia. Ukimpa ubavuni, ubavuni patakuwa mahali pazuri pa kuishi.

Kisha funga kamba, bado ndani, umfundishe jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha kazi yote, na ndilo mafunzo mengi huliruka: kamba ikikaza, maana yake ni “rudi kidogo”. Mpaka sasa kwake maana yake ni “sukuma”. Simama, kaza kamba kidogo sana, kiasi cha kuhisi tu uzito wake vidoleni, halafu usubiri. Usivute zaidi, usiseme kitu, usimwite. Mwanzoni atashangaa, huenda akajiegemeza. Subiri. Mara tu atakapogeuza kichwa, akahamisha uzito au akapiga hatua moja kukuelekea na kamba ikalegea, sema “safi” na mpe chakula ubavuni mwako. Rudia kutoka upande wa kushoto, wa kulia, kutoka nyuma. Baada ya vipindi kadhaa utaona anaanza kujibu kabla hujamaliza kukaza. Hapo umempa kitu cha thamani: akihisi mkazo, mwili wake unajua la kufanya bila kufikiri. Siku atakapoona paka hatakuwa na nafasi ya kufikiri, ila mazoea haya yatakuwepo. Yafanye mengi kuliko unavyoona yanatosha.

Mlango nao ni sehemu ya somo. Mbwa anayetoka ndani akiruka na kulia huwa ameshachemka kabla hajakanyaga nje. Chukua kamba, akianza kuruka, irudishe mahali pake na kaa. Akitulia, ichukue tena. Fungua mlango kidogo. Akijitupa, ufunge bila kumbana. Usimkaripie, mlango wenyewe unamfundisha. Siku za mwanzo mnaweza kumaliza dakika kumi hapohapo bila kufika popote. Hesabu kuwa mmefanya kazi.

Nje, chagua sehemu tulivu na isiyo na mambo mengi, mita ishirini tu, na mzitembee kwenda na kurudi. Hili linawashinda watu kuliko yote mengine, kwa sababu tumezoea kwamba matembezi ni kufika mahali. Kwa sasa ondoa wazo la kufika. Mara ya kwanza harufu zote ni mpya na atataka zote. Mara ya kumi kipande hicho hakina jipya, na wewe mwenye chakula mfukoni unaanza kuwa ndiye habari. Mlipe mara nyingi sana mwanzoni, kila hatua mbili tatu, maadamu kamba inaning’inia. Usisubiri akosee. Walimu wengi wapya hukaa kimya wakati mbwa anatembea vizuri, wakaamka anapovuta, na mbwa anajifunza kwamba kutembea vizuri hakuna anayekuona.

Akivuta, simama. Usitembee hata hatua moja na kamba iliyokaza. Hiyo ndiyo sheria pekee isiyobadilika. Simama umetulia, ngumi kiunoni, usubiri ilegee. Ikilegea, “safi”, aje ubavuni apate kipande, ndipo muendelee. Kwa nini nasema aje ubavuni kwanza? Kwa sababu mbwa werevu hugundua mchezo: wanavuta, unasimama, wanarudi nusu hatua, unaondoka, wanavuta tena. Akirudi mpaka ubavuni na mkapiga hatua kadhaa pamoja kabla ya malipo yanayofuata, mnyororo huo unakatika. Na kama amesimama mwisho wa kamba ametumbua macho mbele wala hageuki, rudi wewe kinyumenyume hatua chache, pole pole, mpaka atambue kwamba kuvuta kunamweka mbali na anachokitaka. Badala ya kusimama unaweza pia kugeuka na kwenda upande mwingine, mradi umwambie kwanza, kwa mfano “huku!”, kwa sauti ya furaha. Kugeuka ghafla ili kamba imkate ni adhabu, na inarudisha yale yale ya kola ya miiba.

Jiandae kwa jambo moja: siku chache za mwanzo atavuta zaidi ya zamani. Njia iliyomfaa miaka miwili imegoma, na kiumbe yeyote kwanza huijaribu kwa nguvu zaidi. Wengi hukata tamaa hapo, wakapiga hatua mbili tatu kumfuata kwa sababu mvua inakuja. Mwanasaikolojia B. F. Skinner na wenzake walionesha miongo mingi iliyopita kwamba tabia inayolipwa mara moja moja huwa sugu kuliko inayolipwa kila mara. Kumfuata siku mbili kati ya saba kutamfanya avute kwa subira zaidi.

Lakini maisha yana haraka zake, na mbwa lazima atoke kujisaidia hata siku ambayo huna dakika wala subira. Hapa pete mbili za mkanda zinakuokoa kwa namna nyingine. Kamba ikiwa kwenye pete ya kifuani, ni darasa, na sheria haivunjwi. Ikiwa kwenye pete ya mgongoni, si darasa. Unatoka naye kwa muda mfupi, unashika vizuri, na humdai kitu. Mbwa hutofautisha mambo hayo vizuri sana, kwa sababu anahisi tofauti mwilini. Ila kwa uzito wake na jinsi ulivyoanguka, safari za namna hiyo ziwe fupi na sehemu zisizo na paka, au zifanywe na shemeji.

Naye shemeji ahusishwe tangu siku ya kwanza. Kama anamruhusu mbwa avute kwa sababu yeye ana uwezo wa kumzuia, kazi yako ya wiki nzima inabomoka Jumamosi moja. Kaeni mkubaliane neno moja, pete moja, sheria moja.

Tuje kwa paka. Hilo ni somo la umbali kabla ya kuwa somo la kamba. Kila mbwa ana umbali ambao anamwona paka na bado anaweza kula na kukusikia, na umbali ambao akili inafungika. Dalili ni rahisi: akikataa chakula anachokipenda, au akikipokea kwa pupa akikubana vidole na meno, mko karibu mno. Ondokeni, msijaribu kumtuliza hapohapo. Fanyia mazoezi neno “huku!” ndani ya nyumba, kisha uani, mara nyingi sana wakati hakuna kitu chochote, mpaka akilisikia anageuka kabla hajajua kwa nini. Ukimwona paka kabla yake, na hilo ndilo lengo lako kila mkitoka, sema “huku!”, geukeni, kisha mwage vipande vitano sita ardhini avitafute kwa pua. Akimwona paka kwa mbali na akakutazama mwenyewe, hapo mlipe kwa ukarimu mkubwa, kwa sababu amefanya jambo gumu kuliko yote unayomwomba.

Usimnyime kunusa. Wapo wanaofundisha mbwa atembee na pua juu saa nzima, na mimi naona ni kumdhulumu. Pua ndiyo inayomsomea dunia. Watafiti Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha mwaka 2019 jaribio ambamo mbwa waliofanya mazoezi ya kutafuta kwa pua kwa wiki mbili walianza kuikaribia kwa matumaini zaidi bakuli wasiyojua kama ina chakula, wakati waliofanya mazoezi ya kutembea ubavuni hawakubadilika. Kwa hiyo tumia harufu kama mshahara. Ameangalia mti, kamba imelegea, ametembea nawe hatua kumi: mwambie “nenda”, na mwende mtini pamoja kwa haraka, anuse mpaka ashibe. Zawadi hii ina nguvu kuliko kipande cha chakula, maana ni kile kile alichokuwa akikivutia. Mkipata mahali pa wazi na salama, mfunge kamba ndefu ya mita kumi kwenye pete ya mgongoni, umwache azunguke. Mbwa aliyekwisha kunusa na kukimbia hutembea kwa utulivu njia ya kurudi.

Chakula cha mafunzo kitoe kwenye mgao wake wa siku, asije akanenepa. Usiwe na haraka ya kukipunguza. Akitembea vizuri kwenye mita zenu ishirini, nyoosha vipindi kati ya malipo bila mpangilio maalumu, mara hatua tatu, mara kumi na tano, mara saba. Mkihamia mahali penye mambo mengi, rudi kulipa mara kwa mara tena. Kwa mbwa aliyevuta miaka miwili usitegemee siku. Tegemea mabadiliko unayoyahisi begani ndani ya wiki chache, na miezi kabla hajawa wa kuaminika mahali penye paka.

Mpeleke pia kwa daktari wa mifugo kama hajaonwa karibuni. Mbwa mwenye maumivu ya nyonga au mgongo anaweza kwenda mbio kwa sababu mwendo wa pole pole unamuuma, na akikohoa baada ya kuvuta kwa kola ni vizuri koo lake likaguliwe. Na akianza kunguruma au kuwarukia watu au mbwa wengine akiwa kwenye kamba, usiendelee peke yako, tafuta mwalimu wa mbwa. Kabla hujamlipa, muulize: mbwa wangu akikosea, utamfanya nini? Akikujibu kwamba atampunguzia ugumu na kumrudisha kwenye hatua anayoiweza, mpe kazi. Akikuonesha kifaa cha kumuumiza, mshukuru na uondoke na mbwa wako.